Pale Wimbo Unapopanda

Saluni
Jumatatu, 4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Huku sote wazima. Mama anakusalimu, anasema ukishuka na zile ndevu za mwaka jana hakufungulii mlango. Salamu zimeisha. Nina mteja kitini, nusu ya kichwa nimesuka nusu bado. Nimemwambia naenda msalani, kumbe niko stoo naandika.

Nimekwama, Mjomba. Nimekwama kabisa. Tangu uniachie gitaa lako ukapanda huko mlimani kuangalia pampu za maji, nilikuwa nasonga mbele vizuri, hata wewe ulinisifu, na wewe kusifu ni mpaka ubanwe na mlango. Sasa ni miezi sijasogea hata inchi. Ule wimbo wa bendi nauweza wote. Mwanzo nauweza, kiitikio nakipiga hata nikisinzia. Lakini pale wimbo unapopanda, zile nota zinazokwenda juu mbiombio kabla mwimbaji hajaingia, mkono unagoma. Polepole zinatoka safi. Nikiongeza mwendo kidogo tu, zinagongana kama watu wanaotaka kupita mlango mmoja. Nafanya mazoezi asubuhi kabla ya saluni na jioni nikitoka saluni, jirani amehamishia kitanda chumba cha nyuma, na bado niko palepale. Natwanga maji kwenye kinu.

Na sasa si mchezo tena. Mpiga gitaa lao la ridhimu anahama. Kiongozi wa bendi kaniambia mbele ya watu: "Dada, Jumamosi ya mwisho ya Aprili unakuja kupiga, kwa mwendo wetu, si kwa mwendo wako. Ukiweza, kiti chako. Usipoweza, kuna kijana anasubiri." Kiti hicho nimekitaka tangu nina meno ya utoto, unajua. Nikikikosa kwa ajili ya vinota vichache, gitaa nitalitundika ukutani kama kalenda iliyopitwa, nisuke vichwa vya watu mpaka nife.

Nifanye nini? Niambie, ila usiniambie nisubiri.

Mpwa wako,
Chiriku


Kituo cha Pampu
Jumamosi, 9 Machi

Chiriku,

Marahaba. Mwambie dada yangu ndevu sasa zimefika kifuani, aongeze upana wa mlango.

Barua nzima nimeisoma na sijaona mahali umeandika kwamba unalala. Mkono uliochoka haujifunzi kitu. Wewe tangu utotoni ulitaka kula mkate ungali unga. Haraka haraka haina baraka, na usinikunjie uso, nakuona hata nikiwa huku.

Fanya hivi. Shusha mwendo mpaka nusu, gonga mguu, kaa hapo hapo. Mimi hapa nasikia pampu kubwa mchana kutwa, na haijawahi kukimbia eti kwa sababu mji una kiu. Ukizoea, ongeza kidogo, na namaanisha kidogo changu, si kidogo chako. Angalia gumba nyuma ya shingo ya gitaa, usilikandamize. Angalia kiwiko, kisibane mbavu. Na acha kukaa kwenye kiti cha wateja, tafuta stuli.

Huyo kiongozi asikutishe. Mkono wako naujua mimi. Nilianza kukufundisha ukiwa gitaa limekuzidi urefu, tumekaa uso kwa uso sebuleni kwenu, mimi napiga, wewe unanifuata kidole kwa kidole. Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilikukunja mapema. Hakuna wa kuniambia mkono ule una kasoro.

Na ukutani usilitundike. Mimi huku sina gitaa jingine, wajua, lile ndilo nililokuwa nalo. Nikisikia limetundikwa nashuka bila ruhusa ya bosi.

Mjomba wako


Saluni
Ijumaa, 22 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimefanya yote. Stuli, kiwiko, gumba, mguu. Nimepiga kwa mwendo wa konokono mpaka jirani akaja kuniuliza kama naumwa. Nimeongeza kidogo chako, nikaongeza kidogo chako tena. Nimefika palepale nilipokuwa, mkono ukagoma vilevile. Nilitaka kuuma kitu.

Juzi wakaniita mazoezini kwao nionje. Alikuwepo yule mzee wao wa gitaa la solo, asiyeona. Wenyewe wanamwita Mzee Solo. Nikapiga, nikafika pale, nikajikwaa. Mzee akainua uso, akasema: "Binti, mkononi mwako nasikia wafanyakazi watatu. Wa nne yuko wapi?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka kwa adabu, sikuelewa hata tone, kisha nikatoka nje nikalia nyuma ya gari lao la vyombo. Nadhani alinitukana kiungwana.

Lakini kabla sijaondoka akanishika mkono, akasema niwe naenda kwake Jumapili anitazame, ndivyo alivyosema, anitazame. Nimemjibu nitafikiri. Mjomba, naomba ruhusa yako. Sitaki uje usikie kwa Mama kwamba nimepata mwalimu mwingine. Ila pia sitaki kukikosa kiti hiki kwa sababu ya adabu. Siku zinakwenda na mimi naogopa.

Mpwa wako,
Chiriku


Kituo cha Pampu
Jumamosi, 30 Machi

Chiriku,

Ruhusa hakuna.

Wafanyakazi watatu! Hayo ni mafumbo ya wazee wa bendi. Mtu akikosa jibu, anafumba. Ningekuwepo ningemuuliza akili yake iko wapi. Na hebu niambie, asiyeuona mkono atakuelekeza vipi pa kuuweka? Mshika mbili moja humponyoka. Una mwalimu. Kama mwalimu umemchoka, sema umemchoka, tusizungushane.

Jumapili. Lori la dizeli limeharibika njiani, barua bado ninayo, na lile neno la mzee limenikaa kichwani kama mbu. Fanya jambo moja. Nipigie picha ya mkono wa kushoto, pale pale wimbo unapopanda. Simu huku hazishiki, kwa hiyo isafishe studio, uitume kwa karatasi. Usiupange mkono. Mtu akupige wakati unapiga, usijue ni saa ngapi.

Mjomba wako


Saluni
Ijumaa, 5 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Picha hii hapa. Amenipiga mwenzangu wa kiti cha pili, yule tunayemwita Makelele, na safari hii hakupiga kelele, ndiyo maana sikujua.

Mkono si umetoka vizuri? Hata mimi nimeupenda. Makelele hakuamini nilipomwambia nimerithi kwa mjomba, nikamwambia muulize yeyote nyumbani, mkono huu ni wa mjomba mtupu. Nimesafisha mbili, moja nimempa Mama.

Kwa Mzee Solo sijaenda, nakusubiri wewe. Nijibu upesi. Mwezi wenyewe ndio huu.

Chiriku


Kituo cha Pampu
Jumanne, 9 Aprili

Chiriku,

Picha imefika.

Jitoe kwenye majaribio. Mwambie kiongozi umeghairi, sababu usitaje. Kwa yule mzee usiende. Gitaa litunze.

Mjomba wako


Saluni
Jumamosi, 13 Aprili

Mjomba,

Leo siandiki shikamoo, Mungu anisamehe.

Barua yako nimeisoma nimesimama, chanuo mkononi, mteja ananiuliza kulikoni dada, msiba? Nikasema ndiyo. Kosa langu ni nini? Kuomba ruhusa? Ningeenda kwa yule mzee kimyakimya nani angejua! Nimekaa na adabu zangu, nikakutumia picha kama ulivyotaka, ukaniangalia mkono, ukaniandikia mistari ya kumfukuza mpangaji. Hata neno moja la kwa nini hukuweka.

Kama ni kunikatia tamaa, wapo wengi. Kiongozi angeweza, jirani angeweza, hata Makelele. Wewe? Umenikata mguu halafu unaniambia nitunze viatu.

Nilimwonyesha Mama. Akasoma. Akaichukua ile picha yake, akaikazia macho mpaka chai ikapoa, kisha akailaza mezani kifudifudi. "Subiri mjomba wako akuandikie," akasema. Nisubiri nini tena? Nyumba yetu hii kila kitu ni kusubiri na kunyamaza.

Sijitoi. Na kesho Jumapili naenda kwa Mzee Solo. Nimekuambia ili usije ukasema umefichwa.

Mpwa wako, ukitaka


Kituo cha Pampu
Jumamosi, 13 Aprili

Chiriku mwanangu,

Sijui kama hii itakuwahi kabla hujanitukana. Kama umeshanitukana, ulikuwa na haki.

Ichukue ile picha uliyompa mama yako. Angalia vidole vilivyo juu ya nyuzi. Cha shahada kipo. Cha kati kipo. Cha mwisho kipo. Cha pete kiko wapi? Angalia vizuri. Kimejikunja, kimejificha kiganjani.

Sasa ukumbuke mkono wangu.

Mwaka uliozaliwa wewe, nikiwa bado kwenye pampu za huko chini, mkanda ulinikamata kidole hicho. Kikapona, lakini hakikunyooka tena. Nilijifunza gitaa upya kwa vidole vitatu, pale wenzangu wanapotembea mimi naruka. Nilifika mahali fulani sikupita, na sikulalamika, maana sababu nilikuwa naiona kila nikinawa. Mama yako akawakataza nyinyi watoto kuukodolea mkono wangu. Aliyekodoa alichapwa. Alifanya hivyo kunisitiri, na mimi stara hiyo niliipenda, sijawahi kukitaja kidole mbele yenu mpaka leo. Basi wewe ukaketi mbele yangu, umekatazwa kukitazama, ukakiiga hivyohivyo bila kukitazama. Na mimi nilikuwa natazama uso wako, jinsi ulivyokuwa unafurahi. Nilijisifu kwamba nilikukunja mapema. Kweli nilikukunja.

Picha ilipofika, kwanza nilidhani ni ya kwangu, ya zamani. Naapa. Niliweka mkono wangu mezani kando yake ndipo nikaelewa.

Kwa nini nikakuandikia ujitoe? Niliogopa, Chiriku. Nikajiambia, akiachana na bendi hatajua kamwe, ataendelea kuniandikia Mjomba nifanye nini, Mjomba niambie. Lori lilipoondoka na barua ile nilitamani kulikimbilia. Nimeona aibu mpaka chakula kikanikataa. Mimi mwenye macho yangu mawili nilikaa mbele yako miaka yote ile. Yule mzee alikisikia kidole ambacho hakikuwepo.

Nenda kwake. Mimi siwezi kukufundisha kidole nisichokuwa nacho. Na nikuambie ukweli wote: ukianza kukitumia, utapiga vibaya kuliko unavyopiga sasa, na muda uliobaki ni mfupi. Nisamehe.

Mjomba wako


Saluni
Ijumaa, 19 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Na ile niliyokunyima nakulipa: shikamoo tena.

Barua zetu zimepishana njiani. Nimesoma yako nikalia, nikacheka, nikakasirika upya, nikalia tena. Makelele akafunga saluni, akaniambia leo hapasukwi mtu. Mjomba, kwamba kidole chako hakinyooki nilijua siku zote, kama ninavyojua una masikio. Kwamba changu hakinyooki sikuwa najua. Nimekasirika, sikufichi. Nimekasirika na wewe, na Mama, na ile fimbo ya Mama. Lakini kukuacha sikuachi, kwa hiyo hofu hiyo itupe huko mtoni.

Sasa sikia maajabu. Kidole hiki si kigonjwa! Nikisuka ndicho kinachoshika fungu la tatu la nywele, kinafanya kazi kuliko wenzake wote. Nikishika gitaa tu, kinajikunja kama mtoto aliyekanywa asiguse vitu vya wageni. Kina adabu tu, basi.

Nilikwenda kwa Mzee Solo. Akanishikashika mkono wakati napiga, akauliza: "Nani alikufundisha?" Nikasema mjomba wangu. "Ana vidole vingapi?" Nikasema vyote, ila kimoja kiliumia, akapiga kwa vitatu. Nikadhani atacheka. Hakucheka. Akasema: "Kwa vitatu akafika hapo alipokufikisha? Huyo ni fundi. Mimi nisingefika." Nimekuandikia neno kwa neno, usiseme nimetia chumvi.

Balaa ni hili. Ulivyosema ndivyo ilivyo, nimerudi nyuma. Nikitumia vinne napiga kama mtu aliyepewa gitaa jana. Zile nota zinatoka moja moja, kwa kukohoa. Nikijisahau kidogo, kidole kinarudi kiganjani chenyewe. Nimekifunga uzi mwekundu wa kusukia ili nikione kikitoroka. Kiongozi alinisikia juzi akatikisa kichwa, akamwambia mpiga besi, nikasikia, "Si alikuwa afadhali mwanzo?" Makelele naye ananishauri nirudi kwenye vitatu, nikapige ninavyojua, liwalo na liwe.

Lakini kwa vitatu nitaanguka, na najua kabisa ni wapi. Kwa vinne sijui nitaangukia wapi. Safari hii sikuulizi nifanye nini, nakuarifu. Naenda na vinne. Naogopa.

Mpwa wako,
Chiriku


Kituo cha Pampu
Jumanne, 23 Aprili

Chiriku,

Dereva anapiga honi, nitaandika machache. Umeamua vizuri.

Ukifika pale wimbo unapopanda, nisahau. Usiwe na mjomba kabisa. Nisahau kwa nota zile tu, ukishapita utanikumbuka tena.

Kula kabla ya kwenda.

Mjomba wako


Saluni
Jumatatu, 29 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika leo asubuhi, majaribio yalikuwa juzi. Lori lako hilo lina dharau. Kwa hiyo sikukusahau, na usinilaumu, neno lako halikuniwahi.

Ukumbi wao ni ghala la zamani, sauti inarudi kwenye bati. Kijana alianza yeye. Anapiga, Mjomba. Anapiga kweli, na amevaa vizuri, na zile nota alipanda nazo kama anapanda ngazi ya kwao. Nilitamani anitokee mtu aniambie saluni inaungua.

Nikakaa kwenye stuli, kiwiko mbali na mbavu. Mpiga ngoma akahesabu, mwendo wao, haukuwa na huruma. Mwanzo ukaenda. Tukafika pale. Nikakiangalia kidole, ule uzi mwekundu nikauona juu ya waya, nikasema moyoni usiondoke, usiondoke baba yangu. Kikabaki. Nota zikapanda zote, Mjomba! Zote! Moja ilikuwa na mikwaruzo lakini ilikuwepo.

Wimbo ukarudi mara ya pili. Hapo nikafanya ujinga wa kufurahi. Tukafika pale, nikatazama, uzi mwekundu haupo. Kidole kimekwenda zake. Sikuwa na muda wa kukiita, basi mkono wenyewe ukaruka, ule mruko wako wa vidole vitatu, nikatua upande wa pili na wimbo haukukatika. Mzee Solo akapaza sauti huku anapiga: "Wa nne ameenda wapi?"

Nikamjibu, sijui sauti niliitoa wapi: "Ameenda kumsalimia mjomba!"

Akacheka mpaka akakosea solo yake. Mara ya tatu kidole kilikuwa kimerudi kazini, na nikapanda nacho mpaka juu.

Wakatutoa nje wote wawili. Tulikaa kwenye kreti za soda, kijana anatafuna kucha, mimi nauzungusha uzi. Walibishana humo ndani, nilimsikia kiongozi anasema kijana ni safi, hana doa. Nikamsikia Mzee Solo: "Kijana amefika. Huyu binti ndiyo kwanza anaanza kuondoka, na mimi nataka kumsikia anakokwenda."

Kiongozi akatoka, akampa kijana mkono, akamshukuru. Mimi akaniambia: "Dada, Alhamisi mazoezi. Usichelewe. Na hako kauzi kavue, bendi yangu haina wagonjwa."

Sijakavua bado.

Mama alipoambiwa aliingia jikoni, akakaa huko muda mrefu bila kupika kitu. Alipotoka akaniomba nimpe mkono. Akakinyoosha kidole, akakikunja, akakinyoosha. Akasema, "Sikujua." Nikamwambia hata sisi.

Mpwa wako,
Mpiga Ridhimu


Kituo cha Pampu
Jumamosi, 4 Mei

Mpiga Ridhimu,

Marahaba, na ya ziada ninayo kibindoni.

Barua yako nimemsomea dereva wa lori, nimemsomea mwenzangu wa zamu, na mbwa wa kituo naye amesikia. Dereva kasema safari nyingine atawahi. Ni mwongo, lakini amefurahi. Mimi nimekwenda kusimama karibu na pampu, pale penye kelele, nikalia nilivyotaka.

Ule mruko usiutupe. Utakufaa siku waya ukikatika katikati ya wimbo, muulize mzee. Na umwambie namsalimu kwa heshima, na kwamba lile nililosema kuhusu akili yake nimelifuta.

Nina ombi. Nipigie picha nyingine, pale pale wimbo unapopanda, vidole vyote vinne vikiwa kazini. Mnasema nyumbani kwamba mkono wako ni wangu mtupu. Ule wa picha ya kwanza ni wangu wa baada ya mkanda. Wa kabla ya mkanda sina hata picha moja, wala sikumbuki tena ulivyokuwa ukishika gitaa.

Nataka kuuona.

Mjomba wako